Sarafu Zenye Sura: Kuzikusanya, Kuzithamini na Kuzisoma Sarafu za Kuwaenzi Viongozi wa Taifa

Utangulizi

Mtaa wa Fedha upo Embakasi, mashariki mwa jiji la Nairobi, si mbali na mitaa ya Tassia na Nyayo. Jina hilo linampa mwanafunzi wa semantiki mfano mzuri wa kuanzia. Neno fedha, ambalo Kiswahili kililipokea kutoka Kiarabu, hubeba maana mbili. Ni madini meupe ya thamani yanayotengenezewa pete na mikufu, na pia ni njia yoyote ya kulipia bidhaa au huduma, iwe sarafu, noti au tarakimu tu kwenye simu. Utata huu ni urithi wa enzi ambapo malipo yalikuwa madini yenyewe, na muuzaji alikuwa na haki ya kuyatia mizanini kabla ya kuyapokea. Tangu huduma ya M-Pesa ianze mwaka 2007, mkaazi wa Fedha anaweza kumaliza siku nyingi bila kushika sarafu mkononi. Sarafu za zamani zimetoka mifukoni zikaingia katika makopo na makabati, na wenye makopo hayo wamejikuta wakiulizwa swali ambalo hawakujiandaa kulijibu: hizi zina thamani gani?

Makala haya yanahusu kundi moja tu la sarafu, yaani zile zilizotolewa kwa sura au jina la kiongozi wa taifa. Yanalenga kumwonyesha msomaji namna ya kuikadiria bei ya sarafu hizo ili asipunjwe wala asidanganyike, na vilevile namna ya kuzisoma kama matini ya lugha. Msimamo wa makala ni kwamba vipimo hivi viwili havilingani. Mtu anaweza kuwa na sarafu ya bei ya chini kabisa sokoni na hapo hapo akawa ameshika matini ambayo mwanaisimu hawezi kuipuuza.

Jina lilitangulia sura

Watu wa pwani yetu waliandika majina ya watawala kwenye sarafu karne nyingi kabla hawajaona nyuso juu yake. Sarafu za shaba za Kilwa, zikiwemo zile za Sultani Ali bin al-Hasan, zina maandishi ya Kiarabu pande zote mbili. Upande mmoja hulitaja jina la mtawala, na upande wa pili hulikamilisha kwa maneno ya kumtegemea Mwenyezi Mungu. Jambo linalopaswa kumvutia mwanafunzi wa fasihi ni kwamba pande hizo mbili zina vina. Msomaji husoma upande wa kwanza, akaigeuza sarafu, na kina kikamjibu kutoka upande wa pili. John Walker alichapisha uchunguzi wake kuhusu sarafu hizi mwaka 1936, na katika miaka ya 1960 Neville Chittick alifanya uchimbuzi mkubwa mjini Kilwa. Mwaka 1984 akiba ya sarafu zaidi ya 2000, nyingi zikiwa za fedha, ilifukuliwa Mtambwe Mkuu, Pemba. Tano za shaba kutoka Kilwa ziliokotwa mwaka 1944 katika visiwa vya Wessel, kaskazini mwa Australia, na namna zilivyofika huko bado ni suala la mjadala.

Sultani Barghash bin Said wa Zanzibar naye alitoa sarafu zake mwaka 1299 Hijria, yaani 1882. Pesa yake ya shaba ilikuwa na picha ya mizani, wala haikuwa na uso wa mtu. Hata hivyo, sokoni Unguja uso ulikuwa umekwisha kufika kwa njia nyingine. Reale iliyotumika katika biashara ya karne ya 19 ilikuwa na sura ya Maria Theresa, malkia wa Austria aliyefariki mwaka 1780. Viwanda mbalimbali viliendelea kuitoa reale hiyo kwa miaka mingi baada ya kifo chake, na daima iliandikwa 1780. Hapa pana somo la kwanza la mkusanyaji: mwaka unaosomeka kwenye sarafu si lazima uwe mwaka ilipotengenezwa. Anayeahidiwa fungu kubwa kwa sababu reale yake "ina zaidi ya miaka 200" na atulie kwanza.

Baada ya hapo ndipo zikaja shilingi za Afrika Mashariki, zenye sura ya Mfalme George V na baadaye George VI upande mmoja, na simba mbele ya milima upande wa pili. Maandishi ya upande wa mfalme yalikuwa ya Kilatini. Mkulima wa Murang'a au mvuvi wa Lamu alimbeba mfalme mfukoni bila ya kuweza kulisoma jina lake lilivyoandikwa.

Ukumbusho na kumbukumbu

Wauzaji wengi huita kila sarafu yenye uso wa Mzee Kenyatta "sarafu ya kumbukumbu". Kauli hii inachanganya mambo mawili ambayo mofolojia ya Kiswahili inatusaidia kuyatenga. Kitenzi kumbuka hunyambuliwa katika hali ya kusababisha tukapata kumbusha, na kutokana nacho nomino ukumbusho. Ukumbusho basi una mtendaji, yaani yupo aliyekusudia wengine wakumbuke. Kumbukumbu haina sharti hilo, kwa kuwa hubaki tu akilini au kabatini hata kama hakuna aliyeikusudia.

Kwa mintarafu hii, sarafu zilizotolewa Kenya mwaka 1966, wakati shilingi ya Kenya ilipochukua nafasi ya shilingi ya Afrika Mashariki, hazikuwa za ukumbusho. Zilikuwa na sura ya Rais aliyekuwa madarakani, zikatumika kununulia chumvi na kulipia nauli. Zimegeuka kumbukumbu baadaye, kwa kuondoka katika matumizi. Sarafu ya ukumbusho ni ile iliyotolewa kuadhimisha tukio mahususi. Mfano ni sarafu za dhahabu za mwaka huohuo wa 1966, za shilingi 100, 250 na 500, zilizoadhimisha miaka 75 ya kuzaliwa kwa Mzee Jomo Kenyatta. Mfano mwingine ni shilingi 5 ya mwaka 1973, yenye pembe tisa, iliyoadhimisha miaka kumi ya uhuru. Wa tatu, unaofahamika zaidi na kizazi cha sasa, ni shilingi 40 ya mwaka 2003, iliyotolewa kwa miaka arubaini ya uhuru ikiwa na sura ya Mwai Kibaki.

Napendekeza tuziite za kundi la kwanza sarafu za sura na za kundi la pili sarafu za ukumbusho. Tofauti hii ina uzito wa kibiashara pia, kwani sarafu ya sura huwa imetengenezwa kwa wingi na kuchakaa mikononi mwa watu, ilhali za ukumbusho mara nyingi hutolewa kwa idadi ndogo, na baadhi hazikukusudiwa kamwe kufika dukani.

Kopo moja mtaani Fedha

Tuchukue mfano wa kubuni. Mwanafunzi anayeishi Fedha amerithi kopo la sarafu kutoka kwa babu yake. Jirani anamwambia kuwa amepata ujumbe kwenye simu: sarafu za Kenyatta zinanunuliwa kwa mamilioni, ila mwenye sarafu hutakiwa kwanza kutuma "ada ya usajili". Siku iyo hiyo mnunuzi wa vyuma vikuukuu anapita na kutaka kulibeba kopo zima kwa bei ya uzito. Wote wawili, huyu wa simu na huyu wa mkokoteni, wanategemea jambo moja, kwamba mwenye kopo hajui alicho nacho. Kuhusu yule wa kwanza sina haja ya maneno mengi. Mnunuzi wa kweli humlipa mwenye mali, wala hamtozi.

Alitoe kopo hilo mezani, azipange. Atakalotaka kulifanya kwanza ni kuzisugua zing'ae, na hilo ndilo asilifanye. Kiswahili kina kitenzi kufua chenye maana ya kuosha nguo na pia ya kuunda vitu vya madini kwa kugonga. Sarafu hufuliwa mara moja tu, kiwandani. Akiifua tena nyumbani kwa sabuni, majivu au limau, ataondoa tabaka jembamba la juu ambalo mjuzi huliangalia ili kujua hali ya asili. Mikwaruzo ya kusugua haitoki, na sarafu iliyosuguliwa hushuka bei hata kama inameremeta kama kioo. Aidha, asizihifadhi katika vifuko vya plastiki laini ya PVC, ambayo huacha utandu wa kijani baada ya muda. Bahasha ndogo za karatasi kavu, kila sarafu peke yake, zinatosha kwa kuanzia.

Sasa azisome. Tuseme ya kwanza ni shilingi ya George V ya miaka ya 1920. Kwa kuwa ni ya mfalme na ni nyeupe, atadhani ni fedha tupu. Kwa hakika shilingi za Afrika Mashariki za kati ya 1921 na 1946 zilikuwa na robo tu ya fedha halisi katika uzito wa takriban gramu 7.8, yaani haifiki gramu mbili za madini yenyewe. Zile za kuanzia 1948 hazina fedha kabisa, bali ni mchanganyiko wa shaba na nikeli. Hii ni fedha isiyo fedha, na mnunuzi anayejua hivyo hatamweleza asiyejua.

Ya pili ni shilingi ya Kenya yenye sura ya Mzee. Aitazame kwa makini pembezoni mwa sura. Zilizotolewa mwanzoni, tangu 1966, hazina maneno yoyote upande huo. Kuanzia 1969 maandishi yaliongezwa kuizunguka sura. Kwa mkusanyaji hizi ni aina mbili, na seti isiyo na zote mbili haijakamilika. Hata hivyo zilitolewa kwa wingi, na iliyolika mpaka nywele na ndevu zikafutika haina bei ya kujivunia. Hali ndiyo hoja. Wakusanyaji wa kimataifa hutumia kipimo cha alama 1 hadi 70 kilichobuniwa na Mmarekani William Sheldon mwaka 1949. Kiswahili hakikosi msamiati wa kazi hiyo, kwani tunayo mpya, iliyotumika, iliyolika, chakavu na kuukuu, na sioni kwa nini tusikubaliane juu ya mpangilio wake badala ya kuazima herufi za Kiingereza.

Tukija kwenye shilingi 40 ya Kibaki, tunakutana na kisa cha kufurahisha. Ndiyo sarafu pekee ya matumizi ya kawaida nchini Kenya yenye sura yake, ingawa alitawala tangu mwishoni mwa 2002 hadi 2013. Sarafu za mwaka 2005 zilirejesha sura ya Kenyatta badala ya ile ya Moi. Kwa hiyo mtu hudhani kuwa shilingi 40 ni adimu mno. Sivyo. Ilitolewa kwa matumizi ya umma, na wakusanyaji bado huipata bila taabu. Uadimu wa kiongozi kwenye sarafu na uadimu wa sarafu yenyewe ni vitu viwili. Aliye nayo na aiweke. Anayetaka kuinunua asilipe kana kwamba ni ya mwisho duniani.

Je, akibahatika kukuta moja ya zile za dhahabu za 1966? Hapo mambo hugeuka. Ya shilingi 100 ina uzito wa gramu 7.6, ya 250 gramu 19, na ya 500 gramu 38, zote zikiwa za karati 22, yaani sehemu 11 kati ya 12 ni dhahabu halisi. Ile kubwa basi ina dhahabu ya karibu gramu 34.8. Mwenye sarafu azidishe uzito huo kwa bei ya gramu ya siku hiyo, na atapata kiwango ambacho hapaswi kwenda chini yake hata kidogo. Juu ya hapo ndipo uadimu unapoongeza bei. Mizani ya sonara inatosha kuumbua bandia nyingi, kwa maana dhahabu ni nzito kuliko shaba, na sarafu ya ukubwa ule ule iliyopakwa rangi ya dhahabu haitafikisha gramu 38. Sumaku nayo haivuti dhahabu.

Kuhusu bei kwa jumla, msomaji azoee kutofautisha bei inayotakiwa na bei iliyolipwa. Muuzaji yeyote anaweza kuandika milioni moja kando ya picha ya sumuni. Kinachotufaa ni kujua sarafu ya aina hiyo, ya mwaka huo na ya hali hiyo, iliuzwa kwa kiasi gani katika mnada uliokwisha. Katalogi kubwa kama Standard Catalog of World Coins, iliyoanza kuchapishwa mwaka 1972, husaidia kutambua aina, lakini bei zilizomo zinachakaa haraka kuliko sarafu zenyewe.

Lugha ya sarafu

Mpaka hapa nimezungumza kama dalali. Sasa turudi katika fani yetu, ambapo kopo lile lile linazaa matokeo mengine.

Maandishi yaliyoongezwa mwaka 1969 kwenye sarafu za Kenya yalimtambulisha Kenyatta kuwa Rais wa kwanza wa nchi, na yaliandikwa kwa Kiingereza, isipokuwa neno moja lililotangulia jina lake: Mzee. Lingeweza kutafsiriwa, lakini halikutafsiriwa, kwa sababu hakuna neno la Kiingereza linalobeba kwa pamoja umri, heshima, ubaba na mamlaka kama libebavyo hilo. Upande wa pili, katika nembo ya taifa, kuna neno la pili la Kiswahili, Harambee. Maneno mawili tu, basi, ndiyo yaliyowakilisha lugha ya taifa kwenye sarafu hizo za Kenyatta. Katika sarafu za Moi zilizofuata kuanzia 1980, Mzee liliondoka na cheo kikabaki cha Kiingereza.

Linganisha na Tanzania. Mwaka huo huo wa 1966 nchi hiyo ilitoa sarafu zenye sura ya Mwalimu Nyerere, na maandishi yote yakawa ya Kiswahili: alitajwa kuwa Rais wa Kwanza, na thamani ikaandikwa kwa maneno, senti hamsini na shilingi moja. Baadaye Sheikh Abeid Amani Karume alienziwa kwenye shilingi 200 ya mwaka 1998, na tena kwenye shilingi 500 iliyotolewa mwaka 2014. Sokoni, shilingi moja ya Tanzania ya 1966 ni miongoni mwa sarafu za bei nafuu ambazo mwanafunzi yeyote anaweza kuzipata. Kwa mtafiti wa sera ya lugha, kuziweka shilingi mbili hizo, ya Nairobi na ya Dar es Salaam, kando kwa kando ni ushahidi ambao ungehitaji kurasa kadhaa kuuandika.

Sarafu ni shahidi, lakini shahidi naye huhojiwa. Zile za dhahabu za 1966 zinamhesabia Kenyatta miaka 75, na kwa hesabu hiyo alizaliwa 1891. Wanahistoria hawakubaliani juu ya mwaka huo, na wengi humweka katika miaka ya baadaye ya muongo ule. Mtafiti anayenukuu sarafu kama uthibitisho wa tarehe ananukuu uamuzi wa waliozitoa, na dhahabu haiufanyi uamuzi huo kuwa kweli zaidi.

Wananchi nao huenzi kwa njia zao, wakati mwingine kwa kejeli. Katika miaka ya 1990 noti ya shilingi 500, iliyokuwa na sura ya Rais Moi, iliitwa na watu "Jirongo", kwa jina la Cyrus Jirongo aliyeongoza kundi la YK'92 wakati wa kampeni za 1992. Sura ilikuwa ya mmoja na jina la mwingine. Na mtaa wa Nyayo, jirani ya Fedha, unahifadhi kaulimbiu ya Moi ya kufuata nyayo za mtangulizi wake, bila sura yoyote.

Sura iliyozuiliwa

Katiba ya Kenya iliyozinduliwa tarehe 27 Agosti 2010 ilifunga mlango. Ibara ya 231(4) inaruhusu noti na sarafu ziwe na picha zinazoiwakilisha Kenya au kipengele chake, lakini inakataza sura ya mtu yeyote binafsi. Sarafu mpya zilizozinduliwa Desemba 2018 zikaja na wanyama: twiga kwenye shilingi 1, kifaru kwenye 5, simba kwenye 10 na ndovu kwenye 20. Kwa mkusanyaji maana yake ni kwamba, katika sarafu za matumizi, orodha ya marais wa Kenya imefungwa ikiwa na watatu, Kenyatta, Moi na Kibaki. Ni mkusanyo ambao mwanafunzi anaweza kuukamilisha bila ya kuuza ng'ombe. Sarafu za zamani hazikuguswa na agizo la mwaka 2019 lililofuta noti za zamani za shilingi 1000.

Noti mpya za mwaka huo ndizo zilizoleta kesi. Zilionyesha jumba la mikutano la KICC, na mbele yake sanamu ya Mzee Kenyatta. Mwanaharakati Okiya Omtatah alikuwa miongoni mwa waliokwenda Mahakama Kuu wakidai kuwa sura iliyokatazwa imerudi kwa mlango wa nyuma. Septemba 2019 mahakama ililikataa ombi hilo, na noti hizo zingali zinatumika. Mjadala wa kisheria ulipita, ila wa kileksika umebaki mezani petu. Picha ya sanamu ya mtu, je, ni sura yake? Kiswahili kina sura, picha, taswira, sanamu na mfano, na katika mazungumzo ya kawaida tunayabadilishana maneno haya bila hofu. Sheria haiwezi kufanya hivyo. Mwanafunzi anayetafuta mada ya tasnifu ya istilahi angeweza kuanzia hapo, akiwa na noti moja na shilingi ya 1969 mbele yake.